Busta safi: kwa nini solo haipandi, na maswali mengine ya wapiga gitaa

Safu ya leo tumeiachia busta safi, ile pedali ndogo ambayo mara nyingi ina nobu moja tu, na kazi yake ni kukuza sauti ya gitaa bila kuibadili. Maswali yaliyotufikia yanafanana kwa nje, lakini chanzo cha tatizo si kimoja, kwa hiyo tumeyajibu moja moja.

SWALI: Napiga solo katika bendi ya dansi. Nimenunua busta ya desibeli 20. Amplifaya yangu ni ya vali, wati 15, na volyumu huwa naiweka kwenye 7. Nikifika kwenye solo nikaikanyaga pedali, sauti inakuwa nene na inakwaruza, lakini wenzangu wanasema haipandi. Je, nimeuziwa pedali mbovu? (Mpiga solo, Mwanza)

JIBU: Pedali yako ni nzima. Kilichokwisha ni nafasi ndani ya amplifaya.

Busta haisukumi spika. Inapokea umeme mdogo unaotoka kwenye pikapu, yaani zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, inaukuza, kisha inaukabidhi kwa chombo kinachofuata. Chombo hicho kikiwa na nafasi, sauti inapanda. Kikiwa kimeshajaa, ziada yote inageuka mkwaruzo, na sikio linasikia unene badala ya ukubwa.

Tufanye hesabu ya amplifaya yako. Volyumu ikiwa kwenye 7, tuseme ukicharaza kwa nguvu tayari inatoa wati 10. Kutoka wati 10 hadi 15 ni desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa sauti) zisizofika hata 2, na katikati ya ngoma na tarumbeta hakuna atakayeisikia tofauti hiyo. Ili solo ipande kwa desibeli 6, kiasi ambacho mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi atakitambua, amplifaya ingepaswa kutoa nguvu mara nne, yaani wati 40. Huna hizo wati. Pedali ingekuwa hata ya desibeli 40, amplifaya ingebaki ileile.

Ujanja ni kupanga vyombo kuanzia juu kushuka chini. Washa busta kwanza, na nobu yake iweke mahali inapokuza kama mara mbili hivi. Kwa pedali ya desibeli 20 hapo huwa ni chini ya nusu ya mzunguko. Piga solo kwa nguvu unayotumia jukwaani, si kwa vidole vya chumbani. Pandisha volyumu ya amplifaya taratibu mpaka noti zianze kukwaruza, halafu irudishe nyuma kidogo. Hiyo ndiyo sauti yako ya juu kabisa. Sasa zima busta. Kiwango kinachobaki ndicho cha kuwasindikizia waimbaji, na wenzako wajipange kukizunguka.

Kama kiwango hicho kinamezwa na ngoma, dawa haiko kwenye pedali. Weka maikrofoni mbele ya spika, umbali wa vidole vitatu au vinne, pembeni kidogo ya kitovu cha koni, upeleke sauti kwenye mitambo ya ukumbi. Au tafuta amplifaya yenye nafasi zaidi. Fender Twin Reverb ya wati 85 na Roland JC-120 zimependwa miaka yote na wanaopiga sauti safi kwa sababu hiyohiyo: unazisukuma na bado hazikwaruzi.

Kuna njia nyingine isiyokugharimu kitu. Sindikiza nobu ya volyumu ya gitaa ikiwa kwenye 7, na kwenye solo ifungue mpaka 10. Wapo wanaolalamika kwamba volyumu ikishushwa sauti inafifia ukali. Hilo linatibika kwa kapasita ya nanofaradi 1 na rizista ya kilo-ohmu 150, zote mbili zikiwa sambamba, zimelehemiwa kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa poti ya volyumu, yaani kile kipuri kinachozungushwa na nobu.

SWALI: Gitaa langu lina pikapu za koili mbili, zile tunazoziita hambaka. Nichague ipi kati ya LPB-1, MXR Micro Amp na Xotic EP Booster? Zote zinauzwa kama busta safi. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Neno "safi" likiandikwa kwenye boksi halina kipimo, na hizo tatu hazina tabia moja.

LPB-1 ya Electro-Harmonix ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Bob Myer, na ndani yake transista ni moja tu. Inakuza kama mara 20, na inakuza mara 20 muda wote, kwa sababu nobu yake imekaa baada ya transista. Wengi hawalijui hilo. Ukiteremsha nobu, unapunguza kinachotoka. Ndani, transista bado inapokea mzigo uleule. Hambaka iliyopigwa kwa nguvu inaijaza transista hiyo, nobu iwe wapi iwe. Kwa anayetaka kuisukuma amplifaya ya vali mpaka iungurume, hiyo ni raha. Kwa sauti safi na pikapu zako, sivyo.

Micro Amp inatumia IC, yaani chipu yenye transista nyingi ndani, inafika desibeli 26, na nobu yake inabadili ukuzaji wenyewe. Ukiiweka chini, kweli inakuza kidogo. Pia haiilemei pikapu hata kidogo. Kati ya tatu ulizotaja, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na maana halisi ya usafi, na kwa hambaka ndiyo tungeichukua.

EP Booster imefuata saketi ya mbele ya mashine ya mwangwi ya Echoplex EP-3. Inafika desibeli 20 na inakubali umeme wa volti 9 hadi 18. Inaongeza uzito fulani mtamu, na wapo wasioizima usiku kucha. Hayo ni mapenzi, lakini unachonunua hapo ni rangi pamoja na ukubwa.

Volti zina uzito katika uamuzi huu. Hambaka ikipigwa kwa nguvu inaweza kutoa nusu volti na zaidi. Kuza mara 10, ambayo ndiyo desibeli 20, unapata volti 5. Pedali ya volti 9 kinadharia haiwezi kupanda zaidi ya volti 4.5 kila upande wa katikati, na kwa vitendo ni pungufu ya hapo. Itakata vichwa vya mawimbi. Kwa volti 18 nafasi inakuwa maradufu. Lakini kwa solo ya kawaida unahitaji kukuza mara mbili au tatu tu, na hapo volti 9 zinatosha bila wasiwasi.

Ukiwa dukani, usianze kwa kufungua nobu hadi mwisho. Tafuta kwanza mahali ambapo sauti iliyowashwa na iliyozimwa zinalingana ukubwa. Piga uzi wa kwanza kwenye freti ya 12, washa, zima, washa. Ukali wa noti ukififia pedali ikiwa imewashwa, hiyo inailemea pikapu yako. Kisha shusha volyumu ya gitaa hadi 5 na urudie. Mwisho nyamaza, fungua nobu robo tatu, sikiliza mvumo peke yake. Dakika tano hizo zinakuambia mengi kuliko kijitabu.

SWALI: Napiga gitaa kanisani. Hatuna amplifaya ya gitaa, naingia moja kwa moja kwenye miksa kwa waya wa mita 15. Nikikanyaga busta taa nyekundu inawaka na fundi mitambo ananishusha, kwa hiyo solo inatoka ndogo kuliko nyimbo. Nifanye nini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Una matatizo mawili yaliyopandana.

La kwanza ni waya. Mita moja ya waya wa gitaa hubeba takribani pikofaradi 100, hivyo mita 15 ni kama 1,500, na hizo zinaufuta ukali wa pikapu kabla sauti haijafika kwenye miksa. Juu ya hapo, tundu la kawaida la laini kwenye miksa lina ukinzani wa kilo-ohmu 10 hivi, wakati pikapu inataka kukutana na megaohmu 1. Ndiyo maana sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Busta yenye mlango wa megaohmu 1 au zaidi, ikikaa karibu na wewe kwa waya mfupi wa mita 3, inatibu hayo hata nobu ikiwa chini kabisa. Iache imewashwa ibada nzima. Baada yake weka kisanduku cha DI, kinachogeuza sauti ya gitaa isafiri kama ya maikrofoni, kutoka hapo uende kwa waya wa XLR (wa pini tatu) mpaka kwenye tundu la maikrofoni la miksa. Waya huo hata ukiwa na mita 30 hautakula sauti.

La pili ni taa nyekundu. Fundi alipanga geini ya chaneli yako, yaani ukuzaji wa mlangoni, wakati busta imezimwa, akaiweka karibu na ukingo. Ukikanyaga, chaneli inajaa. Mwombe wakati wa kupima sauti apange geini busta ikiwa imewashwa, volyumu ya gitaa ikiwa kwenye kiwango cha solo, na wewe ukipiga kwa nguvu. Taa isiwake hata mara moja. Baada ya hapo shusha volyumu ya gitaa, na ukubwa wa kusindikiza autafute kwa fada, ile slaidi ya chaneli kwenye miksa. Hapo solo itapanda na chaneli haitajaa. Geini ikishuka hadi mwisho na bado ni nyekundu, DI nyingi zina swichi ya kupunguza desibeli 20.

Muulize pia kama chaneli yako ina kompresa, kifaa kinachobana sauti inayovuka kiwango kilichowekwa. Kompresa iliyowekwa kwa uwiano wa 4 kwa 1, kila desibeli 4 zinazovuka mstari wake hutoka 1. Desibeli 6 ulizoziongeza kwa mguu zinatoka moja na nusu. Hapo mtagombana mwaka mzima, wewe unakanyaga na mashine inashusha. Aitoe kwenye chaneli yako au apandishe mstari wake.

Kwa kuwa huna busta mbili, moja ya kulinda sauti na moja ya solo, tumia ile uliyonayo kama ya kudumu, na upandishaji wa solo uufanye kwa volyumu ya gitaa. Itakutosha mpaka upate ya pili.

SWALI: Napiga benga, na siku nyingine rumba. Nina kompresa, korasi, dilei na busta. Busta iende wapi? (Mpiga solo, Homa Bay)

JIBU: Tunadhani unataka kubaki safi, maana katika benga gitaa la solo linajibizana na mwimbaji, na kwenye sebene ya rumba kila noti lazima isikike imetengana na nyingine. Mkwaruzo unazigandisha noti.

Basi kompresa iwe ya kwanza. Busta ukiitanguliza mbele ya kompresa, kompresa inaimeza. Unasikia mvumo ukiongezeka na solo haipandi. Baada ya kompresa weka korasi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili, kisha busta, kisha dilei, ile inayorudia noti kama mwangwi. Korasi nyingi za volti 9 zinakwaruza zikisukumwa, na mkwaruzo wake si mtamu kama wa vali, ni mkavu. Zikipokea sauti ya kawaida zinabaki safi.

Kwa nini kabla ya dilei? Ukikanyaga busta iliyo baada ya dilei, marudio ya noti ulizopiga nyuma yanaruka ukubwa ghafla, na ukizima yanakatika. Ikiwa kabla, marudio yanabaki na ukubwa wa noti iliyoyazaa, na solo inaisha kwa adabu. Angalia tu kwamba dilei yako inauvumilia mzigo. Baadhi ya dilei za dijitali zina taa ya kuonya kwenye mlango. Ya kwako ikiwaka, shusha busta hadi desibeli 4 au 5.

Ukitumia ovadraivu, pedali ya kutia mkwaruzo, siku moja, kumbuka kanuni hii inageuka kulingana na unachotaka. Busta mbele ya ovadraivu inaongeza mkwaruzo na ukubwa unabaki palepale. Busta nyuma yake inaongeza ukubwa na mkwaruzo unabaki ulivyo.

SWALI: Je, ikwalaiza ya pedali inaweza kufanya kazi ya busta? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Inaweza, na pengine vizuri zaidi. Ikwalaiza hupandisha au kushusha sehemu moja moja ya sauti, kutoka besi hadi ukali. Boss GE-7 ina slaidi saba, kuanzia hezi 100 hadi 6,400, na ya nane ya ukubwa wa jumla, kila moja ikipanda au kushuka desibeli 15. Katika bendi yenye gitaa la rizimu na kinanda, solo haipotei kwa udogo tu. Inapotea kwa sababu imekaa mahali palepale walipo wenzake. Jaribu kupandisha 800 na 1,600 kwa desibeli 4, shusha 100 kwa 3, na ukubwa wa jumla ongeza 3. Solo itatokeza na taa za miksa hazitashtuka. Usiguse 6,400, hapo kuna mvumo zaidi kuliko gitaa.

Tube Screamer, ovadraivu ya Ibanez, ikiwa na nobu ya draivu kwenye sifuri hutumiwa hivyohivyo, ila ina umbo lake moja: inapunguza besi na kuinua eneo la hezi 720 hivi. Ukilipenda, vizuri. Huwezi kulibadili.

SWALI: Mimi ni fundi redio. Naomba saketi rahisi ya busta na vipimo vyake, kwa vipuri vinavyopatikana mjini. (Fundi, Dar es Salaam)

JIBU: Anza na saketi ya aina ya LPB-1. Ina vipuri visivyofika kumi, na ukiielewa hii utazielewa nyingi.

Sauti inaingia kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1 hadi kwenye beisi ya transista. Beisi inashikiliwa na rizista mbili: kilo-ohmu 470 kutoka chanya ya volti 9, na kilo-ohmu 47 kwenda ardhini. Saketi ya asili ina 430 na 43. Uwiano ni uleule, na 470 na 47 ziko kwenye kila duka la vipuri. Kolekta inapata chanya kupitia kilo-ohmu 10. Emita inakwenda ardhini kupitia ohmu 390. Kutoka kolekta, kapasita nyingine ya mikrofaradi 0.1 inapeleka sauti kwenye poti ya kilo-ohmu 100, mguu wa katikati wa poti ndio mlango wa kutokea, na mguu wa tatu ni ardhi. Ongeza rizista ya megaohmu 1 kutoka tundu la kuingilia hadi ardhini. Sababu yake tunaieleza mwisho wa safu.

Transista inayotumika sana hapa ni 2N5088, lakini BC547 inafanya kazi vizuri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. BC547 ukiishika miguu chini, uso bapa ukikutazama, kutoka kushoto ni kolekta, beisi, emita. 2N5088 na 2N3904 ni kinyume: emita, beisi, kolekta. Ukibadili moja kwa nyingine bila kuigeuza, sauti itatoka, ila ndogo na ya ovyo, na utatafuta kosa mpaka usiku kwenye kapasita zisizo na hatia.

Kabla ya kuunganisha gitaa, pima kwa multimita, waya mweusi ukiwa ardhini. Beisi isomeke volti 0.7 hadi 0.8. Emita volti 0.15 hadi 0.25. Kolekta kati ya 3.5 na 5. Kolekta ikisomeka karibu 9, transista haipitishi: miguu imegeuzwa, au ile 390 haijagusa ardhi. Kolekta ikiwa imeshuka karibu na emita, transista imefunguka yote, na mara nyingi ni ile 47 ambayo lehemu yake haijashika.

Sasa, saketi hii inakuza takribani mara 20, na kwa hambaka ni nyingi mno kama tulivyomweleza msomaji wa Nakuru. Kwa sauti safi zaidi, badili rizista ya emita iwe kilo-ohmu 1. Usiishie hapo, maana kolekta itapanda kuelekea volti 7 na upande mmoja wa wimbi utakatwa mapema. Badili pia 470 iwe 330. Emita itasomeka karibu volti 0.45, kolekta itarudi kwenye 4 na kidogo, na ukuzaji utakuwa mara 8 au 9, kama desibeli 19. Rizista mbili tu, na pedali inakuwa nyingine.

Udhaifu mmoja hautoki kwa rizista hizo. Mlango wa saketi hii una kilo-ohmu 30 hadi 40 tu, na pikapu iliyounganishwa moja kwa moja italemewa na kupoteza ukali. Mteja wako akitaka busta iwe ya kwanza baada ya gitaa, mtengenezee ya IC. Chukua TL071. Gawanya volti 9 kwa rizista mbili za kilo-ohmu 10, na mahali zinapokutana weka kapasita ya mikrofaradi 10 kwenda ardhini. Hapo una volti 4.5. Mguu wa 3 upate hizo 4.5 kupitia rizista ya megaohmu 1, na gitaa liingie kwenye mguu huohuo kupitia kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kati ya mguu wa 6 na wa 2 weka poti ya kilo-ohmu 100. Kutoka mguu wa 2, rizista ya kilo-ohmu 10 ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 1 hadi ardhini. Mguu wa 7 ni chanya, wa 4 ni ardhi. Sauti inatoka mguu wa 6 kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na baada ya kapasita hiyo rizista ya kilo-ohmu 100 kwenda ardhini. Poti ikiwa sifuri inapitisha sauti ilivyo, ikiwa mwisho inakuza mara 11. Nobu inabadili ukuzaji wenyewe, kwa hiyo ukiwa chini uko safi kabisa.

Funga kazi yako kwenye kisanduku cha chuma kilichounganishwa na ardhi ya saketi. Cha plastiki kitadaka kila mvumo wa ukumbini.

SWALI: Busta yangu kwa betri iko kimya, kwa adapta inavuma. Na je, naweza kuipa volti 18 ili iwe safi zaidi? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Umeshajipimia mwenyewe: chanzo ni adapta. Adapta rahisi ambazo hazikutengenezwa kwa vyombo vya muziki zinaacha mabaki ya mvumo, na busta inayokuza mara 10 inayakuza nayo mara 10. Kukiwa na jenereta hali huwa mbaya zaidi. Busta ya transista moja hula chini ya miliampea 1, na taa yake ya kuonyesha miliampea chache, kwa hiyo betri nzuri ya alkalini itakufikisha mbali. Chomoa waya wa kuingilia ukimaliza, kwa sababu kwenye pedali nyingi tundu hilo ndilo swichi ya betri.

Ukinunua adapta, iwe ya volti 9 mkondo wa moja kwa moja, iliyochujwa, na hasi iwe katikati ya plagi. Zile za kawaida za redio na ruta mara nyingi zina chanya katikati. Pedali yenye diodi ya ulinzi itakataa tu kuwaka. Isiyo nayo inaweza kuungua. Kama mvumo unabaki hata kwa betri, na unapungua ukigusa nyuzi, tatizo ni ardhi au kinga ndani ya gitaa. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Umeshika nyuzi za chuma, mdomo uko kwenye maikrofoni. Hitilafu moja inaua.

Volti 18 ni kwa pedali iliyoandikwa kwamba inazikubali, basi. Nyingine zina kapasita za volti 16 au IC za kuzidisha umeme kama MAX1044, ambayo mwisho wake ni volti 10.5. Hiyo ukiipa 18 inakufa papo hapo.

SWALI: Nikikanyaga busta niliyoitengeneza, inapiga "tap!" kwenye spika. Swichi nimebadili mara mbili. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Swichi haina kosa. Kapasita ya kuingilia ikiwa imening'inia hewani pedali inapozimwa, upande wake wa nje hujikusanyia umeme, na ukikanyaga unamwagika wote kwa mkupuo. Rizista ya megaohmu 1 kutoka upande huo hadi ardhini inauondoa polepole muda wote. Weka nyingine ya aina hiyo mlango wa kutokea kama huko hakuna poti wala rizista inayogusa ardhi. Kisha kanyaga mara tano mfululizo: mara ya kwanza inaweza kugonga kidogo, zinazofuata ziwe kimya. Zikiendelea kugonga, kapasita inavujisha. Pima volti upande wake wa gitaa. Ukiona zaidi ya sifuri, ibadilishe, na safari hii tumia ya filamu badala ya ile ya duara la udongo.